Taa Mbili Kwenye Tuta

Grand Tower, Illinois
Septemba 2, 1997

Mwanangu Twyla,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika, na nyanya mwaka huu zimekataa kwisha. Nimeshajaza chupa arobaini za kuhifadhia, sasa nagawia hata watu nisiowapenda. Wilma Gean hapa jirani nimempa kapu zima.

Leo nimekata tena siku moja kwenye kalenda ya friji kwa kalamu nyekundu. Zimebaki arobaini na nane. Oktoba 20 hati yako inakwisha, na siku hiyo mimi nitaoka keki. Miaka mitatu sasa, kwa hati hiyo, kampuni ya bima inapeleka jina lako serikalini kama mtu wa kuchungwa, dereva wa hatari, na bado inakutoza kana kwamba unaendesha huku umefumba macho. Wewe! Mtu anayesukuma matishari kumi na tano yamefungwa pamoja, marefu kuliko barabara yetu yote, kwenye mto huu uliomeza wanaume wazima! Serikali inakupa Mississippi mzima mkononi, halafu inakuogopa na gari la Oldsmobile.

Hayo ndiyo niliyosema Jumapili kanisani, wakati wa kahawa. Wilma Gean akaanza habari za mwanawe, daktari wa meno wa St. Louis. Nikamwambia, "Hebu niambie, Wilma Gean, ni meno mangapi yanatoshana na tishari moja la mahindi?" Akala keki yangu.

Sasa sikiliza. Najua ulisema bei isiposhuka baada ya hati kwisha utamuuzia Oldsmobile yule bwana wa Paducah, na kwamba anangoja jibu mpaka tarehe moja Novemba. Mimi sisemi kitu. Gari ni lako, baba yako alikuachia wewe. Ila aliisugua kila Jumamosi kwa miaka kumi, na harufu ya tumbaku yake bado imo kwenye viti. Basi wewe sukuma matishari, habari ya bima niachie mimi. Shule niliishia darasa la nane, lakini ulimi sikuuacha kule.

Mama yako,
Oneta


Ndani ya boti ya Lorena P., chini ya Memphis
Septemba 8, 1997

Mama,

Barua yako imekuja pamoja na viazi. Boti ya vyakula ilitukuta katikati ya mto, na mpishi aliinusa bahasha kabla ya kunipa. Alitumaini umetia pai.

Matishari si marefu kuliko barabara yetu. Nakuomba uache kuwaambia watu hivyo, kuna siku mmoja atakwenda kupima.

Asante kwa kunisaidia. Mimi siwezi kutoka huku kabla ya katikati ya Novemba. Rubani mwenzangu amevunjika mguu na nimekubali kukaa siku zake. Lakini Mama, kwa hili usiende kwa haraka zako. Bima ya zamani isikatwe hata siku moja kabla ya tarehe 20. Unakumbuka mara ya kwanza. Niligonga lori la yule mkulima pale mgahawani nikiwa sina bima, nikaandikiwa miaka mitatu ya hati. Mwaka wa pili nikafanya wanachofanya watu wote wa mtoni: nikapanda boti, gari likabaki bandani, nikasema ya nini kulipia gari lililolala? Nikakata. Kampuni ikaandika serikalini, leseni ikafungiwa, na miaka mitatu ikaanza upya tangu siku ya kwanza. Sitaki kuianza mara ya tatu.

Halafu usidhani bei itashuka yenyewe. Kampuni yangu haitanipigia simu kunipongeza. Itaendelea kunitoza bei ya hatari mpaka nizeeke, nisipohama. Kwa hiyo nenda kwa Bwana Krause kule Chester, yule wakala anayeuza bima za kampuni nyingi. Mwambie gari linatembea miezi michache tu kwa mwaka. Mwambie miaka mitatu sina hata tiketi ya kuegesha vibaya. Kisha nyamaza, umsikilize. Najua hapo pa mwisho ndipo pagumu.

Tutapita hapo nyumbani tukipanda, tarehe 22 hivi, saa moja jioni. Njoo na gari lako la Plymouth pale tuta la kuzuia mto linapopinda, uwashe na kuzima taa kama kawaida. Nitakuwa kwenye usukani. Nitakujibu kwa kurunzi kubwa ya boti.

Twyla


Grand Tower
Septemba 14, 1997

Mwanangu rubani,

Kwa Bwana Krause nimekwenda! Nilivaa lile gauni la bluu la harusi ya binamu yako Darrell, nikachukua na pai ya pichi, maana huwezi kwenda kuomba kitu mikono mitupu.

Yule ni mtu mwema, Twyla. Ana tai na kipara safi. Nikamwambia habari zako zote, tangu ulivyozaliwa na miguu mbele mpaka ulivyopata leseni ya urubani, ukiwa mwanamke peke yako kati ya wanaume kumi na saba. Picha yako nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaiangalia vizuri. Akasema, "Bi. Fulkerson, mtu mwenye kazi kama hii, na miaka mitatu misafi, hati ikishakwisha kampuni zitamgombania." Zitamgombania! Ni maneno yake. Ila akasema hawezi kutoa bei kamili mpaka hati iishe na serikali ithibitishe kwa barua, na kwamba atahitaji majina ya watu wote wenye leseni wanaoishi nyumba moja na wewe. Nikamwambia tuko wawili tu, na mmoja wao ni mjane mcha Mungu.

Na heshima aliyonipa! Wakati wa kuondoka ametoka nje mwenyewe. Wakala mzima, ameacha kahawa yake mezani, ametoka mbio mpaka kwenye gari langu. Karani wake naye akatoka. Walisimama pale wote wawili wakiniangalia, hata kinywa hawawezi kufunga. Tukazungumza tena dakika ishirini pale pale uwanjani. Akaniuliza mambo mengi, hata jina la kampuni yangu mimi ya bima akaliandika kwenye karatasi. Sijawahi kuagwa namna ile maisha yangu.

Wilma Gean nimemsimulia. Sijamsimulia yote, lakini ya kutosha.

Mama yako,
Oneta

Pai aliipokea.


Ndani ya Lorena P., juu ya Chester
Septemba 24, 1997

Mama,

Niliziona taa zako! Mara tatu, kisha mara mbili. Nilikumulika na kurunzi mpaka ukaweka mkono usoni, samahani. Kijana wa zamu alisema, "Rubani, yule mama anaruka." Nikamwambia huwa anaruka hivyo, hata magoti yakimuuma.

Nimefurahi kwa Bwana Krause. Lakini bado sijaelewa kwa nini alitoka mbio.

Uliza na kwingine pia, usiende kwa mmoja tu. Tunashuka tena tarehe 7 Oktoba, jioni ile ile.

Twyla


Grand Tower
Oktoba 3, 1997

Mwanangu,

Nimeuliza kwingine kama ulivyosema. Nimepiga simu Carbondale, wakaniwekea muziki wa fidla mpaka sikio likalala. Halafu kijana mmoja akaja kuniambia eti kwao mtu aliyekuwa na hati anabaki wa hatari miaka mitano. Nikamwambia, "Mwanangu, hata gerezani mtu akimaliza kifungo anafunguliwa mlango." Akasema si yeye, ni kompyuta. Nikamwambia anipe hiyo kompyuta niongee nayo. Akakata.

Mwingine wa Murphysboro amenitajia bei, nami nikamuuliza kama bei hiyo ni ya bima au ya gari jingine. Kwa hiyo mimi bado namtegemea Bwana Krause. Amenipigia mara mbili. Anakusalimu.

Hapa mambo ni mazuri tu. Siku hizi natembea sana kwa miguu. Kanisani natembea, dukani natembea. Ni afya. Wilma Gean anashangaa, ananiuliza, "Oneta, Plymouth inaumwa?" Nikamwambia kuna watu wanajali miili yao.

Usijali kuhusu mimi. Jali usukani.

Mama yako,
Oneta


Ndani ya Lorena P., Cairo, Illinois
Oktoba 9, 1997

Mama,

Tarehe 7 sikuona taa.

Nilipunguza mwendo, na ujue kupunguza mwendo na matishari kumi na tano si jambo la sekunde. Nilimulika tuta lote, nikamwamsha ng'ombe wa watu. Ulikuwa mgonjwa? Na kutembea huku ni kwa nini? Mwezi uliopita magoti yalikuwa yananung'unika.

Kama kuna jambo, niambie. Mimi si mtoto.

Yule bwana wa Paducah amenipata kwa redio kupitia kwa rafiki yake. Anaitaka sana Oldsmobile. Sijamjibu.

Twyla


Grand Tower
Oktoba 13, 1997

Twyla wangu,

Hakuna jambo! Nilikuwepo, mbona nilikuwepo. Ni taa za Plymouth ndizo zimeungua, zote mbili kwa pamoja, ajabu kweli. Na kulikuwa na ukungu. Nilipunga leso lakini leso haionekani kwenye ukungu.

Zimebaki siku saba! Keki nimeamua itakuwa ya karoti. Wilma Gean anataka kuja, nimemwambia atakuja kama mgeni na si kama mpishi.

Huyo bwana wa Paducah mwambie angoje. Ahadi ni tarehe moja, na tarehe moja haijafika. Twyla, nakuomba kama mama yako: usiiuze kabla Bwana Krause hajasema neno lake la mwisho. Sikuombi mara nyingi.

Mama yako,
Oneta


Ofisi ya Bima ya Krause, Chester, Illinois
Oktoba 16, 1997

Kwa Bi. Twyla Fulkerson,

Natumaini barua hii itakupata salama huko mtoni. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu tarehe 20 iko karibu na nisingependa kuchelewa.

Kwa upande wako habari ni njema. Nimepata kampuni tatu zilizo tayari kukuchukua mara tu hati itakapoondolewa, na bei ya ile iliyo nafuu zaidi haifiki nusu ya unayolipa leo. Kazi yako ya urubani na rekodi yako safi vimesaidia sana. Nitafuatilia barua ya serikali, na bima yako ya zamani sitaigusa mpaka mpya iwe imeanza.

Shida ni moja. Kampuni zote tatu huuliza madereva wote wa nyumba, na nyumba yako ina dereva wa pili. Nadhani mama yako ameshakueleza habari ya gari langu. Nataka ujue sina kinyongo hata kidogo. Bampa limeshanyooshwa na pai ilikuwa tamu sana. Lakini ukijumlisha na kibao cha kanisa mwezi Machi na sanduku la barua la jirani mwezi Juni, hiyo ni mara ya tatu mwaka huu, na zote kwa kurudi nyuma. Kampuni yake ilishamwandikia tangu Julai kwamba haitaendelea naye baada ya Septemba 30. Nimemtafutia nyingine. Akiwa peke yake, hakuna inayomtaka kwa bei ambayo mjane anaweza kuilipa.

Kwa kifupi, dada yangu, katika nyumba yenu dereva wa hatari si wewe tena.

Nina wazo, lakini linahitaji sahihi yako, na nadhani zaidi linahitaji mama yako akubali. Nipigie ukifika penye simu.

Wako,
Lyndell Krause


Ndani ya Lorena P., juu ya Chester
Oktoba 22, 1997

Mama,

Juzi ilikuwa tarehe 20. Hati imekwisha. Nilikuwa kwenye usukani tukipanda, jua limezama, na nikajiambia kama leo hakuna taa nitaomba wanishushe nikatazame kama u hai.

Taa zilikuwepo. Mbili. Ila zilikuwa chini chini, zimekaribiana kama macho ya paka, tena zinatetemeka. Zilikuja juu ya tuta polepole mno, nikahesabu mpaka sitini. Nikasema hiyo si Plymouth. Nikawasha kurunzi.

Mama. Ilikuwa mashine ya Baba ya kukatia majani, ile ya kukalia.

Na wewe juu yake, na lile koti la Baba la kuwindia, na kofia ya kanisani. Na kwenye mapaja umepakata kitu. Kijana wa zamu akasema, "Rubani, yule mama ana keki." Nikamwambia azime redio, kwa sababu sikutaka wale wa boti nyingine wanisikie ninavyocheka. Kisha sikucheka tena, nikalia kidogo, kisha nikashika usukani kwa sababu pale pana kona.

Kutoka nyumbani mpaka pale tuta linapopinda ni maili nzima. Na mashine ile haina hata spidi ya kumpita kuku.

Bwana Krause ameniandikia. Amedhani ninajua. Sasa najua kwa nini alitoka mbio.

Kwa nini hukuniambia?

Twyla


Grand Tower
Oktoba 27, 1997

Twyla mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

Nitakuambia. Kile kibao cha kanisa kilikuwa mahali pabaya, kila mtu anasema, hata mchungaji. Sanduku la barua la Wilma Gean lilikuwa limeshainama upande wangu. Ila gari la Bwana Krause halina sababu. Lilikuwa limeegeshwa vizuri, kwenye mistari, na lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimefurahi kwa alivyosema watakugombania, nikawa natafuta maneno ya kumwambia Wilma Gean, nikaweka gia ya nyuma. Na kule kwa Krause sikwenda kwa ajili yako tu. Nilikuwa na ile barua ya Julai kwenye mkoba, chini ya picha yako. Nilitaka kwanza nikusifu wewe, halafu nimwambie na mimi nina kashida kadogo. Nikakaonyesha kashida kenyewe kabla sijakataja.

Sikukuambia kwa nini? Miaka mitano, mwanangu! Miaka mitano nilikuwa nakuhubiria. Kila ukija nyumbani, nakuambia, gari si mchezo, Twyla, hati ile ni aibu, Twyla. Nilikuwa naficha bahasha za bima zako Wilma Gean asizione. Leo niende nikuambie kwamba kampuni yangu imenitupa nje kama paka, na mimi sijawahi hata kupata ajali ya kwenda mbele? Mtu anayejisifu kama mimi, akianguka, anaanguka kutoka juu.

Plymouth iko bandani tangu Septemba 30. Sijaigusa. Hilo ujue, sikuendesha hata siku moja bila bima. Nililijua la kwako. Tarehe 7 sikuwepo kwenye tuta, nilidanganya. Nilisimama nyuma ya nyumba nikasikia honi yako na ile kurunzi ikipita kwenye miti, ikitafuta. Sikulala vizuri. Ndipo nikaitazama ile mashine ya baba yako na nikasema, hii haihitaji bima wala leseni, na ina taa.

Keki ilikuwa ya kukuonyesha tu. Nilijua huwezi kuifikia. Niliila na Wilma Gean. Yeye ndiye aliyeijaza mashine petroli, na hakuniuliza kitu. Nimefikiri sana juu ya hilo.

Na sasa naona. Oldsmobile niliyoipigania kwa nguvu zote, nilijiambia ni kwa ajili ya baba yako. Ni kweli. Lakini nilifikiri pia, wewe ukipata bima nafuu, labda siku moja utanipeleka ndani yake mpaka pale kwenye tuta, maana mimi sitakuwa na gari tena.

Sasa mwite huyo bwana wa Paducah ukitaka. Sitasema kitu.

Mama yako anayekupenda,
Oneta


St. Louis, nimengoja simu gatini, kisha nikaandika
Oktoba 31, 1997

Mama,

Nimeongea na Bwana Krause dakika arobaini, na yule wa Paducah dakika mbili.

Imekuwa hivi. Bima ya Oldsmobile ni ya jina langu, mimi ni dereva wa kwanza, na wewe umeandikwa chini yangu, dereva wa pili. Mmoja msafi anambeba mwingine, kampuni imekubali. Bei imepanda kidogo kwa ajili yako, na bado ni chini ya niliyokuwa nalipa peke yangu kwa ajili ya makosa yangu. Karatasi ziko njiani. Ukitia sahihi mbele ya Bwana Krause, funguo za Oldsmobile ziko kwenye kopo la tumbaku la Baba, juu ya rafu ya mwisho. Ulidhani sijui kwamba unajua.

Bwana wa Paducah amekubali kuchukua Plymouth badala ya Oldsmobile, pamoja na kile kidonda cha nyuma. Anasema atamfundishia mjukuu.

Najua kuandikwa chini ya mwanao si jambo dogo kwako. Basi nitakuambia kitu ambacho sikukuambia: miaka mitano uliyonihubiria ndiyo iliyonitoa kwenye hati. Kila nilipotaka kukata bima nikiwa mtoni nilikuwa nasikia sauti yako, tena kwa nguvu kuliko injini.

Sharti langu ni moja, na Bwana Krause analiunga mkono kwa machozi. Usirudi nyuma na gari. Popote. Egesha mahali unapoweza kutokea kwa mbele, hata kama ni kutembea nusu maili. Mimi mwenyewe na matishari kumi na tano sirudi nyuma nikiweza kuepuka, na mimi nina leseni ya urubani.

Tunapita tarehe 7 Novemba, kuelekea chini. Saa kumi na mbili na nusu jioni.

Twyla


Grand Tower
Novemba 9, 1997

Rubani wangu, dereva wa kwanza,

Nimetia sahihi. Bwana Krause aliniuliza kama naelewa maana ya dereva wa pili. Nikamwambia, "Bwana Krause, katika kaunti hii yote nionyeshe mama mwingine aliyedhaminiwa na rubani wa Mississippi." Akasema hamjui. Nikamwambia basi ndiye huyu. Kesho yake nilirudi kwake na Oldsmobile, nikaegesha ng'ambo ya barabara, mahali pa kutokea kwa mbele, na nilipotoka alikuwa dirishani na karani wake, wameshikilia pazia. Nikaondoka mbele kama malkia. Nadhani walipiga makofi.

Jumapili nimesema yote kanisani, kwenye kahawa, tangu kibao mpaka bampa. Niliona bora niyaseme mwenyewe, maana mimi nayasema vizuri zaidi. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Na nikawaambia kwamba nilipokuwa sitakiwi na kampuni yoyote, mwanangu aliniweka chini ya jina lake, na kwamba chini ya jina hilo kuna joto.

Oldsmobile inaendeshwa kama sofa. Niligusa viti tu, nikakaa kidogo kabla ya kuwasha. Baba yako angekuwa ananiambia, "Oneta, mbele, mbele tu."

Umeuliza kwa redio, na ofisi yenu ya boti ikanipigia simu kunifikishia swali, kwa nini tarehe 7 uliona taa nne. Mbili za juu ni mimi. Hizo mbili za chini, zinazotetemeka, zilizokuja dakika kumi baadaye, ni Wilma Gean kwenye mashine ya majani. Anasema mwanawe hapiti popote na boti, meno hayapiti mtoni, na yeye pia anataka kumulikwa.

Nimemkubalia. Ila nimemwambia akae nyuma yangu na asisogee karibu sana, maana dada yule hana bima yoyote.

Mama yako,
Oneta